Pai Thiao: Siku Sita za Kutembea, Bangkok hadi Chanthaburi

Alhamisi, 8 Mei 2025. Bang Rak, Bangkok

Kila asubuhi nikifungua lango la nyumba niliyopanga, sauti ya kwanza kunifikia ni ya mama muuza chai. Mkokoteni wake huuegesha mdomoni mwa kichochoro chetu tangu alfajiri. "Pai nai?" huniuliza. Unakwenda wapi? Mwaka wangu wa kwanza hapa swali hilo lilinikera. Nilijiuliza safari zangu zinamhusu nini mtu nisiyemjua, nikamjibu kwa mkato, siku nyingine nikapita kimya. Nilichelewa kutambua kuwa ile ni salamu tu, mfano wa sisi Tanga tunavyomrushia mpita njia "Wapi tena?" na jibu lenyewe hatulingoji. Mwaka ule wa ukimya naujutia mpaka leo.

Jibu jepesi kuliko yote ni "pai thiao". Wanaofundisha Kithai hulifasiri kuwa kustarehe, wengine kutalii. Kwangu mimi ni kutembea, kwa ile maana yetu ya mtu aliyekwenda kwa shangazi yake Pangani akakaa wiki nzima. Una shughuli gani huku? Sina shughuli, nimekuja kutembea. Mthai akienda ufukweni, akizunguka soko la usiku pasi na haja ya kununua, akirudi kijijini kumwona mama yake, kote huko ni pai thiao. Leo naanza siku sita za namna hiyo. Jumapili ni sikukuu ya Visakha Bucha, Jumatatu ni mapumziko ya kufidia, na biashara yenyewe imepoa. Nikamjibu, "Pai thiao, phi." Phi ni dada au kaka mkubwa. Akacheka kwa furaha, akachuja chai kwenye ule mfuko mrefu wa kitambaa, akamimina maziwa mazito, na hela ya leo akaikataa.

Kazi yangu ni udalali wa mawe, yaani vito. Nimetoka Tanga, na huu ni mwaka wa sita naishi kwa zamu kati ya Bangkok na Chanthaburi. Mtaa wa Bang Rak, kuanzia barabara ya Silom hadi Mahesak, umejaa maduka na ofisi za mawe, ndiyo maana Waafrika tunaonekana: Waguinea, Wamali, Wamalagasi, na sisi wachache wa Afrika Mashariki. Wengi huja na mzigo, huuza, huondoka. Hulala hoteli zilezile, hula kwenye mgahawa uleule wa Kiafrika, na mji huuona kwenye kioo cha teksi. Siwalaumu, maana mtaji ukiwa wa watu huna amani ya kutazama mti. Nami niliishi hivyo.

Mchana nimeupitisha kijiweni. Bodaboda wa hapa huvaa vizibao vya rangi ya chungwa vyenye namba, na kila kijiwe kina zamu zake. Abiria wakipungua, ubao unatoka. Ni drafti, na kete zake ni vizibo vya soda, upande mmoja vimeinamishwa na upande wa pili vimelazwa chali, sawasawa na vijiwe vya Ngamiani, kule kwetu Tanga. Siku ya kwanza nilipouona ubao ule nilisimama kama niliyekutana na ndugu. Sheria zao lakini zina tofauti. Kwetu kila mmoja hupanga kete 12. Wao hupanga nane, safu mbili tu, kwa hiyo ubao uko wazi na vita huanza mapema. Kingi wao hukimbia mbali kama wetu, ila akila lazima atue hapo hapo nyuma ya kete aliyoila, hana ruhusa ya kuchagua nyumba ya mbali. Ilinichukua miezi kuacha mazoea ya kumtuliza kingi wangu ninapotaka. Leo nimefungwa nne, nimeshinda mbili. Mzee wa kijiwe, ambaye wote tunamwita lung, mjomba, hachezi tena kwa sababu ya macho, lakini husimama nyuma ya mchezaji na kuguna kete ikisogezwa vibaya.

Jioni nikaenda bustani ya Lumphini. Mfalme Rama VI ndiye aliyeitoa ardhi hiyo miaka ya 1920, na jina limetokana na Lumbini, mahali huko Nepali alipozaliwa Buddha. Njia ya kuzunguka ina urefu wa kilomita mbili na nusu. Kando ya ziwa wanatambaa kenge wakubwa, wengine wanene kuliko paja la mtu mzima, na watu wamekaa hatua tano kutoka hapo wanakula maembe. Nilimuuliza kijana mmoja jina la mnyama huyo kwa Kithai, akasitasita. Kumbe jina lake, hia, ni tusi zito. Nikamwambia kwetu nako ukimwita mtu kenge umemtukana. Alishangaa kweli, nami pia. Bahari nzima iko katikati yetu, na mnyama mmoja ameonewa pande zote mbili.

Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa ukapigwa kwenye vipaza sauti. Wakimbiaji, wasukuma vigari vya watoto, wazee wa mazoezi ya viungo, wote wakasimama palepale walipo. Hupigwa pia saa mbili asubuhi. Nami nikasimama, jasho likinitiririka mgongoni, na katika utulivu ule nikasikia kunguru. Ulipokwisha, muziki wa mazoezi ukaanza na mamia ya watu wakajipanga kumfuata mwalimu jukwaani. Hakuna kiingilio. Nilikuwa safu ya nyuma, kati ya bibi mwenye kofia ya rangi ya waridi na msichana aliyetoka ofisini na viatu vyake vya kazi mkononi.

Ijumaa, 9 Mei. Bang Rak hadi Chanthaburi

Swala ya Ijumaa nimeiswali Msikiti wa Haroon, ndani ya vichochoro karibu na mto Chao Phraya. Ni jumuiya kongwe, asili yake karne ya 19, na makaburi ya wazee wake yako hapo hapo. Safu ya leo nilikuwa na Mthai mwenye kofia nyeupe kushoto na Mmali mwenye kanzu ya samawati kulia. Baada ya swala kichochoro hugeuka mtaa wa vyakula. Ninachokifuata mimi ni khao mok kai, wali wa manjano uliofukiwa kuku ndani yake, juu kitunguu kilichokaangwa kikakauka, pembeni mchuzi wa nanaa, giligilani na pilipili mbichi, mtamu na mchachu. Mok ni kufukia, kuficha. Mwenye kula biriani ya mwambao hahitaji kuelezwa zaidi, ingawa wao huweka viungo kwa mkono mwepesi.

Kwa Mwislamu, kula hapa kunataka macho. Nguruwe yumo kwenye vyakula vingi, hata supu ambayo ukiitazama ni mboga tupu. Kuna alama ya halali kwenye pakiti madukani, na maneno matatu nimeyashika kama ufunguo wa nyumba: mai sai mu, usitie nguruwe. Lakini sufuria nayo ina historia yake, kwa hiyo mara nyingi huishia kwa samaki wa kuchoma na wali mweupe.

Basi la Chanthaburi hupandiwa kituo cha Ekkamai. Ni takriban kilomita 250, na barabara ni ile ile ya Sukhumvit ambayo wageni huijua kwa hoteli zake. Wengi hawajui kuwa inaendelea kuvuka mikoa hadi Trat, mpakani na Kambodia. Nilipata kiti cha dirishani. Viwanda vya Chonburi, kisha mipira ya Rayong, mistari kwa mistari ya miti yenye vikombe vifuani kama ile ya Muheza, kisha bustani za matunda. Mvua ikatupiga nusu ya njia.

Nilishuka saa mbili usiku. Hapa kuna jambo ambalo kila nikilisimulia nyumbani wanadhani natia chumvi. Wathai katika mazungumzo yao huanza kuhesabu saa za usiku baada ya jua kuzama. Saa moja usiku yetu ni nueng thum, yaani moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Vivyo hivyo hadi saa tano. Baada ya usiku wa manane njia zetu zinatengana, wao wanaanza upya na kuiita saa saba ti nueng. Lakini kuanzia jua kuchwa hadi saa tano Mswahili na Mthai wana saa moja. Mwenye nyumba alikuwa amenipigia, "Utafika saa ngapi?" Nikamjibu song thum, na sikulazimika kuongeza wala kupunguza sita kichwani.

Chumba changu cha Chanthaburi kiko ghorofani kwa mama mmoja wa miaka 63. Namwita Pa, ambalo ni jina la shangazi aliye mkubwa kwa mzazi wako. Mama yake, mwenye miaka 88, ni Yai, bibi. Kithai hakina wepesi wa kumwambia kila mtu "wewe". Kabla hujazungumza sawasawa lazima ujue nani mkubwa na nani mdogo, ndiyo maana unaulizwa umri siku ya kwanza, swali ambalo Wazungu wengi huliona ni utovu wa adabu. Mimi nililelewa nikimwita kila mtu mzima shangazi, mjomba, bibi. Lilikuwa jambo la kubadilisha maneno tu. Kabla ya hapa, wapangishaji wawili walinifungia mlango mara tu walipouona uso wangu. Pa aliniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 10 Mei. Soko la mawe

Soko hili hufunguka Ijumaa hadi Jumapili, kwenye mtaa wa Si Chan na kichochoro cha Trok Krachang. Ni utaratibu usiofanana na soko lolote nililolijua kabla. Mnunuzi ndiye anayekaa. Hukodi meza, hubandika karatasi inayosema anataka nini, tuseme rubi za karati moja, au spineli nyekundu, na madalali ndio wanaozunguka meza kwa meza wakimwekea vifurushi mbele. Meza za karibu na madirisha ndizo zenye thamani, kwa sababu jiwe huonwa kwa mwanga wa mchana. Mnunuzi humimina mawe kwenye sahani nyeupe, huyageuza kwa koleo, hutazama kwa kioo cha kukuzia, kisha huandika namba kwenye kalkuleta na kuisukuma kwako. Wewe unaifuta, unaandika yako, unairudisha. Maneno ni machache. Akitoa bei ambayo dalali hawezi kuiamua, kifurushi hufungwa kwa utepe, husainiwa juu yake, na hakifunguliwi mbele ya mtu mwingine mpaka mwenye mali ajibu. Nimewahi kuona watu wakitumiana mzigo wa thamani kubwa kwa utepe ule tu.

Mji huu ulikuwa na mawe yake mwenyewe, safaya na rubi, na kilima cha Khao Ploi Waen kimebeba jina la pete na vito. Machimbo yalipopungua, watu wake walikuwa tayari wameshika elimu nyingine, ya kuchoma mawe. Jiwe lenye ukungu huingia tanuruni likatoka na rangi. Kwa elimu hiyo dunia nzima ikaleta mawe hapa: Sri Lanka, Madagaska, Msumbiji, na kwetu.

Leo nilikuwa na spineli chache za Mahenge na garneti za bonde la Umba, mkoani kwetu. Garneti hizo za rangi kati ya waridi na chungwa dunia nzima ya vito huziita malaya. Ni neno letu. Wachimbaji na wanunuzi wa mwanzo waliziona hazina kundi, si nyekundu hii wala si ile, wakazitupia jina hilo baya, na sasa Mhindi, Mchina na Mthai wanalitamka bila kujua. Kila mara nikisikia "malaya, malaya" ikiitwa kwa sauti ukumbini moyo hunishtuka kidogo. Leo binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, mnunuzi mwenye adabu sana, aliniuliza maana yake. Nilimwambia ni mtu aliyekataliwa na ukoo wake. Nadhani sikumdanganya.

Mkutano ulionifanya nisahau biashara ni wa mzee mmoja mchoma mawe. Alisikia nimetoka Tanzania, akaweka kijiko chini na kusema, "Tunduru." Kisha, pole pole, "Songea. Ugali. Bei gani?" Alikwenda Tunduru miaka ya tisini, wakati wa ule mfumuko wa safaya, Wathai walipofuata mawe mpaka vijijini. Alikumbuka barabara ya matope, gari likisukumwa usiku, na mama mmoja aliyemkaribisha ndani avuliwe nguo zilizolowa mbele ya moto, akampa uji. "Alinipa blanketi lake," alisema, akijikumbatia mabega kuonesha. Hakujua jina la mama yule. Alimwita "mama", kwa Kiswahili. Tukakaa kimya kidogo. Nilimwuliza alijisikiaje kuwa mgeni kule, akasema watoto walimfuata nyuma siku nzima. Nami nikamwambia watoto wa hapa bado hunigusa nywele.

Niliuza nusu ya mzigo kwa bei ya kawaida. Jioni nikashuka kandokando ya mto, kwenye nyumba kongwe za mbao za mtaa wa Chanthaboon, ambazo wenyewe wamezifanya maduka ya kahawa na barafu za maziwa huku bado wanaishi ndani. Ng'ambo ya daraja ni kanisa kuu la Kikatoliki, jengo la 1909, lililojengwa na jamii yenye asili ya Vietnam iliyokaa hapa tangu karne ya 18. Niliingia mara moja kumwona Maryamu wao, sanamu iliyopambwa kwa safaya zaidi ya 200,000. Kwa jicho la kazi yangu nilitazama namna mawe yalivyopangwa rangi kwa rangi. Kisha nikakaa ukingoni, nikampigia mke wangu. Huko Tanga ilikuwa saa nane mchana, nyuma yetu kwa saa nne, anarudi kutoka sokoni. "Uko wapi?" "Nimetoka kutembea." "Na nani?" "Peke yangu, na mto." Akaniambia mwanetu wa mwisho amepoteza jino.

Jumapili, 11 Mei. Visakha Bucha

Sokoni sikwenda. Asubuhi Pa alinichukua na mjukuu wake wa miaka kumi kwenye shamba la kaka yake, nusu saa kutoka mjini. Huu ndio msimu. Chanthaburi ndiyo mama wa doriani Thailand, na malori yanayopanga foleni barabarani mengi yanaelekea kwenye soko la China.

Doriani nililijua kwa jina lake tangu utoto, kwa sababu shangazi yangu aliolewa Unguja, na tukienda kwake harufu yake tuliipokea kabla ya mlango. Hapa yana majina kama watu. Monthong ni mto wa kulalia wa dhahabu, chani ni yule nyani mwenye mikono mirefu, kan yao ni kikonyo kirefu. Mkata doriani hupanda juu, hukata, hulidondosha, na mwenzake chini hulidaka kwa gunia alilolishika kwa mikono miwili, akilizungusha ili miiba isimfikie. Nilisimama mbali, moyo mkononi. Kabla ya kukata hugonga ganda kwa kipini cha kisu na kusikiliza. Kaka yake Pa alinipa kisu nami nikagonga matatu. Sauti ya lililokomaa ina uwazi ndani yake, kama mlango wa chumba kisicho na vyombo. Changa hulia kama jiwe. La tatu sikulijua, na yeye mwenyewe alilisikiliza mara mbili.

Tukala chini ya miti. Wao husema doriani ni la moto na mangosteni ni la baridi, kwa hiyo ukila la kwanza ufuatishe la pili mwili usichemke. Bibi yangu alikuwa na hesabu hiyo hiyo ya vyakula vya joto na vya baridi. Shokishoki zilikuwa bado kijani. Yule mtoto akanifundisha mchezo wa mangosteni: chini ya tunda kuna alama ya ua dogo, nawe ukihesabu petali zake unajua kuna vipande vingapi ndani kabla ya kulifungua. Anayekosea anaosha vyombo. Hakukosea hata mara moja. Maganda yake yana utomvu wa zambarau usiotoka kwenye nguo, na shati langu jeupe sasa ni kumbukumbu.

Chakula cha mchana Pa alipika chamuang, majani machachu ambayo kwa desturi ya mkoa huu hupikwa na nguruwe kwa muda mrefu hadi yawe meusi. Mimi alinipikia kwa ng'ombe aliyemnunua kwa muuzaji Mwislamu, katika sufuria aliyoninunulia mwaka juzi na kuiandika jina langu kwa rangi kwenye mkono wake. Sufuria hiyo haiazimwi. Juzi jirani aliitaka, Yai akakataa.

Jioni ndiyo sikukuu yenyewe. Wanakumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake nuru na kufariki kwake, mambo matatu yanayohesabiwa kwenye mwezi mpevu mmoja. Watu walifika hekaluni na maua ya yungiyungi, mshumaa na vijiti vitatu vya udi, wakaanza kulizunguka jengo mara tatu, bega la kulia likielekea ndani. Pa na mjukuu waliingia mzungukoni. Mimi si wa dini yao na wao wanalijua hilo, hakuna aliyenishurutisha wala kunihoji. Magoti ya Yai hayamruhusu tena kuzunguka, kwa hiyo nilimkalisha kwenye benchi chini ya mti, nikakaa naye, nimeshika kandambili za familia nzima.

Mishumaa ilipita mbele yetu, pole pole, mamia. Hapakuwa na kelele ila miguu mitupu juu ya mawe na sauti ya watawa wakisoma. Nilikumbuka picha za tawafu ambazo baba alikuwa akitutazamisha kila mwaka, naye hakujaaliwa kwenda. Sikulinganisha dini na dini. Nilimkumbuka baba tu.

Akaja bibi mwingine, rafiki wa Yai wa tangu utotoni, akaketi. Akanitazama, akauliza, "Khaek atoka wapi?" Khaek ni mgeni, mtu aliyekuja nyumbani kwako. Hapo hapo ndilo jina wanalowaita Wahindi, Waarabu na Waislamu wa kutoka mbali, na kuna wasiopenda kuitwa hivyo. Mimi halijawahi kuniuma sana, labda kwa sababu hata neno letu mgeni lina nyuso mbili, yule unayemchinjia kuku na yule usiyemjua. Yai hakunitazama. Alikuwa akitafuta kandambili yake kwa mguu, nikamvisha. "Mai chai khaek," akasema. "Lan." Si mgeni. Mjukuu.

Yule bibi akaitika kwa kichwa, akaendelea na habari za bei ya doriani.

Jumatatu, 12 Mei. Maporomoko ya Phlio

Mvua asubuhi yote. Ilipokatika tukaenda Phlio, maji yanayoporomoka msituni ndani ya hifadhi, si mbali na mji. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha mwenyeji, kama hifadhi zetu nyumbani. Bwawa la chini limejaa samaki wakubwa wa kijivu, maelfu, wanaokusukuma miguu, na wauzaji mlangoni wanauza kunde ndefu mbichi za kuwalisha. Mtoto aliwapa fungu zima, akaogopa walivyorukia, akarudi kuomba jingine.

Pembeni upo piramidi mdogo wa mawe. Mfalme Rama V aliujenga kwa ajili ya malkia Sunandha aliyezama mtoni 1880 mashua ilipopinduka. Mahali hapa walipapenda wawili hao. Pa alinisimulia akiwa amekaa juu ya mwamba, miguu majini, mkononi sahani ya papai bichi lililotwangwa. Hatukufanya kitu kingine. Tulikaa hadi saa kumi.

Jumanne, 13 Mei. Kurudi Bangkok

Basi la alfajiri, kisha moja kwa moja ofisi ya uhamiaji. Mgeni anayeishi hapa lazima ataarifu anakoishi kila baada ya siku 90, hata kama hajahama hatua moja. Inaruhusiwa kuanzia siku 15 kabla hadi siku saba baada ya tarehe. Nimelifanya hili zaidi ya mara 20. Fomu ya ukurasa mmoja, pasi, namba ya foleni. Karatasi wanayokurudishia imeandikwa mwaka 2568, maana hesabu yao imeitangulia ya kwetu kwa miaka 543. Pembeni yangu alikaa kijana Mkameruni mwalimu wa Kiingereza, mara yake ya kwanza, anatetemeka. Nilimwonesha pa kusaini. Alipoitwa alisahau mkoba kwenye kiti, nikambakia mpaka akarudi.

Nilifika kichochoroni mchana umeelekea alasiri. Mama wa chai alikuwa anafunga mkokoteni. "Pai nai ma?" Ulikwenda wapi? Nikamwambia Chanthaburi, nikamwekea mfuko wa mangosteni juu ya meza yake. Akachagua moja, akaligeuza chini juu, akahesabu petali kwa ncha ya kucha.

"Sita," akasema.

Nikalibana kwa viganja viwili mpaka ganda likapasuka. Vilikuwa sita.